Maji mawili
Narcissus wa hadithi za Wagiriki mnamjua, kijana mzuri balaa, akainama majini akaiona sura yake akaipenda mpaka akafia palepale, na Echo aliyempenda akakonda hadi ikabaki sauti tu. Mi huyo Echo ndo ananiuma zaidi.

Sasa kuna maji mengine. Januari 13, 1982, Washington, ndege ikagonga daraja ikatumbukia mto Potomac uliojaa barafu, watu 6 wakabaki wameng'ang'ania mkia, helikopta ikawa inashusha kamba, na Arland Williams, mkaguzi wa mabenki, mtu wa kawaida kabisa, kila ikimfikia anawapa wenzake. Wale 5 wakaokolewa. Iliporudi kumchukua yeye, alishazama.

Daraja lile sasa lina jina lake, na kila nikisoma hii stori machozi yananilenga.