Kabla hujachora pwani, amua jua linachomoza wapi

Wabunifu wengi wa dunia za michezo huanza na pwani. Wanachora bara lenye umbo zuri, wanatupia milima katikati, jangwa kusini na barafu kaskazini, kisha wiki ya mwisho wanaongeza miezi miwili angani kwa sababu picha inapendeza. Hapo ndipo kazi inapoanza upya. Anga hupanga upepo, upepo hupanga mvua, mvua hupanga mito, na watu hujenga kwenye maji. Ukigusa cha juu, vyote vya chini yake vinahama.

Si lazima fizikia iwe ya kweli. Jua la dunia yako linaweza kuwa taa inayobebwa na mzimu. Ila ukishaamua, uamuzi huo uonekane ardhini: kwenye vivuli, upepo na maji ya pwani. Mchezaji hasomi ukurasa wako wa maelezo, lakini kivuli anakiona.

Ikiwa dunia yako ni tufe, yaani mviringo kama mpira, andika namba nne kabla ya kushika kalamu: mzingo, mwinamo wa mhimili, urefu wa siku, na upande ambao sayari inajizungushia. Dunia yetu ina mzingo wa kilomita 40,000 hivi, kwa hiyo nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Mtu mwenye macho yaliyo mita 1.7 juu ya ardhi anaona upeo umbali wa kilomita 4.7. Ukipunguza kipenyo cha sayari kwa nusu na kuacha msongamano uleule, mvutano nao unakuwa nusu, upeo unasogea hadi kilomita 3.3, na mabadiliko ya kuruka na kuanguka kwa mhusika ni ya lazima. Sayari ndogo yenye mvutano kama wetu inahitaji kiini kizito mno. Kama una uchawi, uweke huko.

Mwinamo wetu ni nyuzi 23.4. Jua hufika utosini hadi latitudo 23.4, na usiku usiokucha huanza kwenye 90 kutoa 23.4, yaani 66.6. Weka nyuzi 50 uone kinachotokea: kati ya latitudo 40 na 50, mji uleule unapata jua la utosini na, msimu mwingine, siku nzima bila jua. Ni mahali pazuri pa kuweka hadithi, lakini kilimo cha huko hakiwezi kufanana na cha kwetu, na maghala ya chakula yawe makubwa kuliko mahekalu.

Upande wa kujizungusha ndio unaosahaulika kuliko vyote. Wengi hulifanya jua lichomoze magharibi ili dunia ionekane ya ajabu, halafu wanaacha majangwa palepale yalipo duniani kwetu. Haiwezekani. Hewa hupanda ikweta ikimwaga mvua, ikashuka ikiwa kavu karibu na latitudo 30. Ndiyo maana Sahara na Kalahari ziko zilipo. Ikirudi kuelekea ikweta, kujizungusha kwa sayari kunaipinda, na kwetu inavuma ikitoka mashariki. Kati ya 30 na 60 upepo mkuu hutoka magharibi. Geuza mzunguko, na pande zote mbili zinabadilishana. Mikondo baridi ya bahari nayo inahama. Jangwa la Namib, Afrika, lina mkondo wa Benguela na la Atacama, Amerika Kusini, lina wa Humboldt, yote pwani za magharibi za mabara yao. Katika dunia yako iliyogeuzwa, majangwa ya ukungu wa bahari yatakuwa pwani za mashariki. Na siku ikiwa ndefu sana, mikanda ya upepo hupungua: Zuhura, inayojizungusha taratibu mno, haina mikanda mingi kama sayari ya Mshtarii (Jupiter), inayomaliza mzunguko kwa saa 10 hivi.

Sasa milima. Iweke pale mabamba ya ganda la sayari yanapogongana, kwa safu ndefu. Milima iliyotawanywa kama chumvi inatambulika mara moja. Ikishakaa, chora mishale ya upepo juu ya ramani, kwa penseli tu. Hewa inayopandishwa hupoteza takriban nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000, mvuke unageuka mvua upande unaopokea upepo, na upande wa nyuma unabaki mkavu. Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, ndiyo mfano: upepo wa magharibi unalowesha Chile, nyuma ya Andes ni nyika kavu. Kiwango hichohicho kinakupa mstari wa theluji: pwani yenye nyuzijoto 28 inafika sifuri kwenye mita 4,300 hivi. Basi Kilimanjaro, mita 5,895 karibu kabisa na ikweta, si muujiza.

Mito huungana ikielekea chini. Haigawanyiki, isipokuwa kwenye delta. Ziwa kwa kawaida halina tokeo zaidi ya moja. Kuna mto Casiquiare wa Amerika Kusini, unaochota maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, lakini ukitumia kisingizio hicho mara tatu kwenye ramani moja, huna tena kisingizio. Kama unatengeneza mito kwa programu, fuata maji kutoka kila pikseli (nukta ya ramani) hadi jirani wa chini kabisa kati ya wanane. Itakwama kwenye mashimo madogo. Usiyafute, yajaze hadi yafurike, na utapata maziwa yaliyo mahali pake.

Miezi inataka subira. Kani inayovuta maji hutegemea msongamano wa mwezi na kipeo cha tatu cha upana wake unaoonekana. Mwezi wetu una upana wa nusu ya nyuzi angani. Mwezi wa pili ulio nusu ya umbali, wenye nusu ya kipenyo na jiwe lilelile, unaonekana sawa na unavuta sawa, ila unamaliza mzunguko kwa siku 9.7 badala ya 27.3. Miezi hiyo miwili itakuwa upande mmoja wa anga kila baada ya siku 15 hivi; jua likiingia kwenye mstari, unapata bamvua ambalo wavuvi wako watalipa jina. Lakini yule mwezi wa kwenye bango la mchezo, mpana mara tatu? Mvuto wake ni mara 27. Hakuna bandari inayobaki. Ama uufanye mwepesi, ama uufunge: sayari na mwezi zitazamane daima, maji yavimbe mahali pamoja bila kujaa na kupwa kwa ajili yake. Hapo nusu ya dunia haijawahi kuuona mwezi huo, na dini zake hazifanani na za nusu nyingine.

Kiswahili nacho kinakudai uamuzi: tukisema "miezi miwili", ni mianga au ni siku 60? Ipe kila mmoja jina lake, uamue kalenda inahesabu upi.

Dunia bapa ina shida zake. Jua lililo karibu linatoa vivuli tofauti kwa vijiji jirani. Liweke juu angalau mara 10 ya upana wa ramani. Kukicha, kunakucha kote kwa pamoja, na merikebu haizami nyuma ya upeo. Inapungua tu hadi ukungu uifiche. Kwa hiyo ukungu ni sehemu ya kosmolojia yako, upange.

Kwenye kompyuta kuna mitego miwili. Ramani ya mstatili ya pikseli 4096 kwa 2048 kwa mzingo wetu ni karibu kilomita 9.8 kwa pikseli pale ikweta, na nusu ya hapo latitudo 60. Ukitengeneza sura ya ardhi moja kwa moja juu ya mstatili, ncha zitabanwa na mshono utaonekana. Kokotoa juu ya tufe kwa viwianishi vitatu. Pili, namba za desimali za biti 32 ambazo kompyuta huhifadhia mahali pa vitu: kilomita 100 kutoka kwenye asili, yaani nukta sifuri ya viwianishi, hatua ndogo kabisa ni milimita 8 hivi, kilomita 1,000 ni sentimita 6, na mikono ya mhusika inatetemeka. Sogeza asili ya ulimwengu imfuate mchezaji.

Halafu chukua kijiji kimoja, uandike jua linachomoza juu ya nini, kivuli cha adhuhuri kinaelekea wapi, upepo wa msimu unatoka wapi, mto unaelekea wapi. Mpe karatasi hiyo anayeandika mazungumzo, kabla mzee wa pwani ya mashariki hajamwambia mchezaji atazame jua likizama baharini.