Mwanangu alivyojifunza kuvaa mwenyewe kabla hajaanza shule

Jamani mwanangu alifika miaka minne na nusu hawezi kuvaa hata soksi, na kosa lilikuwa langu mimi. Asubuhi nina haraka, yeye bado ana usingizi, basi namvalisha kila kitu kama mdoli tunatoka. Bibi yake alipotutembelea akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwezi wa kwanza anaanza shule, akienda chooni nani atamfunga suruali?" Ile kitu iliniuma sana, usiku sikulala vizuri.

Bibi ndo akanionyesha, usimwanzishe mwanzo, mwachie mwisho. Yaani shati namfunga vifungo vyote mimi ila kile cha chini kabisa namwachia, kwa sababu cha chini anakiona kwa macho, cha kolani hakioni. Akishika kile anapiga makofi, kesho kutwa namwachia viwili, hivyo hivyo tunapanda juu. Ila kabla ya hapo tulianza na sweta la bibi lenye vifungo vikubwa, analiweka mapajani anafunga anafungua tu, wala halivai. Vidole vyake vilikuwa bado havijakaza jamani, tungeanza na vile vidogo vya shati la shule angekata tamaa siku ya kwanza.

Suruali nilipeleka kwa fundi akaweka mpira kiunoni, zipu baadaye. Viatu alikuwa anavigeuza kila siku, nikachukua stika ya simba nikaikata katikati, nikabandika nusu ndani ya kila kiatu, akivipanga sawa simba anakamilika, anafurahi huyo!

Kilichokuwa kigumu kwangu ni kukaa bila kugusa. Kuna siku tulichelewa nikamnyang'anya shati nikamvalisha kwa nguvu, akalia sana, na siku tatu zilizofuata akagoma kabisa hata kujaribu. Nilimwomba msamaha. Kuanzia hapo nguo tunapanga usiku juu ya stuli na namwamsha dakika 20 mapema, zile dakika ni zake hata akikaa na soksi moja mkononi akiimba namwacha.

Ilichukua kama miezi miwili. Sasa hivi anavaa vyote, kimebaki kifungo cha kolani, anakuja ananyanyua kidevu, "mama nisaidie hiki tu, vingine nishafunga."