Hadithi ya vipande vipande

Wanafunzi wangu wengi wa kidato cha kwanza wametoka shule za msingi walikosoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Sasa fizikia Kiingereza, jiografia Kiingereza. Ukiwapa ukurasa mzima, wanakariri tu.

Leo nimeikata hadithi fupi ya Kiingereza kwa mkasi, sentensi mojamoja, nikawamwagia mezani: pangeni! Kelele zake, utadhani stendi ya Mbagala jioni. Kundi la dirishani lilimzika mgonjwa kabla hajafika hospitali. Wakacheka, wakapanga upya. Kisha kila mmoja akaandika mwisho wake. Binti asiyenyooshaga mkono kajaza mpaka nyuma ya karatasi! Sarufi imepinda, sijaigusa; kalamu nyekundu isubiri rasimu ya pili.

Walimu wenzangu, vipande bandikeni kwenye boksi gumu. Karatasi peke yake haidumu hadi zamu ya darasa la pili, mkondo B.