Vizingiti vya Madirisha ya Mama

Madirisha ya nyumba hii yalitengenezwa na fundi mmoja, kwa mbao za aina moja, mwaka mmoja. Leo hakuna mawili yaliyochakaa sawasawa. Tangu masika yakatike nimekuwa nikizunguka na bisbisi mkononi nikikagua vizingiti vya ndani, zile mbao pana za chini ya dirisha ambazo mtu wa Tanga huziegemea kwa viwiko saa nane mchana akisubiri upepo, na kila chumba kimenipa jibu lake.

Nyumba ni ya miaka ya sabini. Marehemu baba aliijenga kwa mkopo wa Benki ya Nyumba, ile iliyokuja kufungwa mwaka 1995, na kama wenzake wengi wa enzi hizo alibana kila kitu isipokuwa mbao. Tofali ni za saruji, paa ni bati, sakafu ni saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Lakini milango, fremu na vizingiti vyote ni mninga. Siku hizi ukimwambia mtu kwamba una mninga dirishani anashtuka, anausifia, kisha anakushauri uung'oe uweke vigae. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye kinara wa ushauri huo. Ametuma picha za graniti nyeusi hata sijamwomba.

Sebuleni ndiko kulikooza. Dirisha lile linatazama upande unakotoka kusi, na mvua za masika huja pamoja na upepo huo. Luva za vioo hazifungi kabisa hata zikiwa nzima. Upepo ukisukuma, maji yanapenya katikati ya vioo na kutua nyuma ya kizingiti, pale ubao unapokutana na fremu. Kibaya zaidi, kizingiti cha nje cha saruji kilikuwa na nyufa, na kila ukarabati uliwahi kukiongezea lipu kidogo, mpaka mteremko wake ukageuka. Badala ya kumwaga maji nje kikawa kinayaelekeza ndani. Kwa juu ubao ulionekana mzima, vanishi imebabuka tu hapa na pale. Nilipochomeka bisbisi kwa chini, iliingia bila kelele.

Chumba cha baba, upande wa magharibi, hakuna hata tone la unyevu. Huko adui ni jua la alasiri. Jua huvunja lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mbao, na vanishi ikishapasuka mbao inabaki uchi: inageuka kijivu, inakauka, inachanika kufuata nyuzi. Pale mbao haijaoza popote. Imeungua tu juu juu, na unene wa kuondoa hauzidi wa sarafu.

Chumba tulicholala sisi watoto kina historia nyingine. Kizingiti kilikuwa meza yetu ya kusomea, maana kulikuwa na mwanga. Vitundu vya bikari vimejipanga ukingoni, na kuna herufi za kwanza za majina yetu zilizochongwa kwa wembe, ya kaka ikiwa kubwa kuliko zote. Hakuna fundi atakayeviita uharibifu.

Niliyemwita ni seremala mzee wa Ngamiani, aliyewahi kufanya kazi na marehemu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akagonga kila kizingiti kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio. Ubao mzima unaita, ulioliwa unanyamaza. Akafika sebuleni akasema, "Mwanangu, usiniambie niing'oe yote. Tunatoa iliyokufa, nzima tunaiacha ifanye kazi."

Nilimpenda hapo hapo. Nimeona mafundi wengi ambao jibu lao la kwanza ni tindo.

Ubao wa sebuleni ulipoinuliwa ndipo tukaona kisa kizima. Misumari ya zamani ilikuwa imeshikwa na kutu, hivyo hakuivuta. Alipenyeza jino la msumeno wa chuma chini ya ubao akaikata mmoja mmoja ili mbao isichanike. Upande wa chini kulikuwa na ukanda mweupe, ile sehemu ya nje ya mti ambayo haijakomaa kuwa kiini, na huo ndio ulioliwa na mchwa wa mbao kavu. Kinyesi chao kilimwagika sakafuni, chembe ngumu za rangi ya kahawia ambazo ukizitazama kwa karibu zina pande sita kila moja. Kiini chekundu kilichopakana na ukanda ule hakikuguswa. Walikula mpaka kwenye mstari wa rangi wakakoma. Mchwa hawakuwahi kufika popote penye kiini. Kilichokiharibu ni maji, na yamekiharibu pale tu yalipotuama. Ukungu unaoozesha mbao hauwezi kuishi kwenye mbao kavu, yenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi. Ndiyo maana kubadilisha ubao huku maji bado yanaingia ni kununua uozo mpya.

Kwa hiyo tulianza nje. Fundi mwashi alibomoa lipu ile ya miaka yote, akatengeneza kizingiti cha saruji chenye mteremko wa kuelekea uani, kikachomoza mbele ya ukuta, na upande wa chini wa ukingo akachora mfereji mwembamba. Nilikuwa nikiona mfereji huo kwenye majengo ya zamani ya mjini nikidhani ni urembo. Kazi yake ni kukata safari ya maji: tone likifika pale linashindwa kupanda, linadondoka chini badala ya kutambaa kurudi ukutani.

Kutafuta mbao kulichukua muda kuliko kazi yenyewe. Mninga unatoka misitu ya asili na hauoti haraka. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika mwaka 2022 kule Panama, mininga ya Afrika na mikongo imewekwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Humu nchini bado unauzwa kwa vibali, ila bei yake inakufanya urudi nyumbani kufikiri. Kwa viraka, seremala alileta tendegu la kitanda kilichovunjika. Mninga wa zamani, mkavu kweli kweli, na rangi yake ilikaribiana na wa baba kuliko chochote ambacho ningekipata dukani. Alikata sehemu iliyooza kwa mshazari, akachonga kipande cha tendegu kikae humo bila kucheza, akapaka gundi isiyoogopa maji na kubana kwa jiriwa mpaka kesho yake. Mshazari unaipa gundi eneo kubwa la kushika, na maungio hayaonekani kama mstari uliokatwa kwa hasira.

Kizingiti kimoja, cha chumba cha wageni, hakikuwa cha kuokoa. Hicho tumekiwekea msaji. Msaji tunao jirani, shamba la serikali la Longuza liko Muheza hapo, lakini mbao nyingi zinazofika mitaani ni za miti michanga, nusu yake weupe mtupu. Nilisimama kwenye banda la mbao nikipindua ubao baada ya ubao kutafuta wenye kiini upana wote, muuzaji akaniuliza kama naoa. Ukishaupata, usiukimbize kwenye randa. Ulalie vijiti ndani ya nyumba hiyo hiyo, upumue hewa ya humo mpaka utulie. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, kwa hiyo kizingiti kilichobanwa mbele na nyuma kitapasuka tu siku moja. Seremala aliacha upenyo mdogo nyuma, akaujaza silikoni.

Neno moja kwa wenye nyumba za umri huu: vizingiti viwili vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta zamani, na rangi za siku zile huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoathirika zaidi ni watoto. Hivyo viwili tulivisugua kwa msasa wa maji, vikiwa vimelowana, wajukuu wakapelekwa kwa shangazi yao, na tope lote likakusanywa kwa matambara badala ya kufagiliwa uani wanakochezea. Vingine tukavisugua vikavu: msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, daima kufuata nyuzi. Vaa barakoa. Vumbi la mninga linanukia vizuri na linawasha pua vibaya.

Nilipofika kwenye chumba cha baba nikasita. Pembeni mwa kizingiti kuna duara jeupe la kikombe chake cha maji ya kunyolea. Alining'iniza kioo kwenye nondo za dirisha na kunyoa hapo kila asubuhi, redio ikisoma habari. Nilitaka kuliacha. Mama akapita na ndoo, akaniona nimesimama.

"Unangoja nini?"

Nikamwonyesha.

"Hilo? Hilo nimeligombania miaka yote ile asiweke kikombe bila kisahani. Sugua."

Nikasugua. Herufi zetu chumba cha watoto ameruhusu zibaki, kwa hoja kwamba ni za kina sana na tutamaliza mbao bure.

Kwenye vanishi seremala alitutania kwamba angetupakia sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, akaapa kwamba hakuna kinachoyashinda. Mama amekulia karibu na bandari na anaijua harufu yake, hakutaka kusikia. Tukatumia vanishi ya kazi za nje hata kwa ndani, maana penye luva hakuna ndani hasa. Mkono wa kwanza ulizimuliwa kwa tapentaini ili uzame, inayofuata ikapakwa mizito. Upande wa chini na ncha mbili za ubao zilipata vanishi kabla ya uso wa juu. Ncha ndizo zinazokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndizo mafundi wengi huziacha kavu kwa sababu zinajificha ukutani.

Jikoni nimekubali yaishe. Pale ni mvuke, maji ya vyombo na sufuria za moto kutwa, na sijui baba aliwaza nini kuweka mbao. Kaka ameshinda nusu: tutamimina teraso, si graniti yake nyeusi. Ubao wa jikoni una pete tatu za sufuria zilizounguza mpaka ndani, lakini katikati ni mzima, na seremala ameshauomba kwa ajili ya viraka vya mteja mwingine.

Kilichobaki ni chungu cha kivumbasi. Mama anakiweka dirishani sebuleni kufukuza mbu, na kila anapokimwagilia maji yanatoka chini moja kwa moja kwenye kiraka kipya. Nimemnunulia sahani ya kuweka chini yake. Ameipokea, ameshukuru, na sasa hivi iko juani, ameanikia pilipili.