Upanga mwekundu una maana mbili

Jumamosi iliyopita jirani yangu alirudi kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, akiwa na kuku wanne wa miezi mitatu hivi, aliouziwa kama matembe, yaani majike wachanga, wanaokaribia kutaga, na uthibitisho aliopewa ni kwamba wawili kati yao walikuwa na upanga, ile nyama ya kichwani, uliokwisha kuwa mwekundu. Nilipowaangalia, hao wawili ndio hasa waliokuwa pora, yaani majogoo wachanga. Sidhani kama muuzaji alikusudia kudanganya, kwa sababu upanga mwekundu una maana mbili, ama kuku ni pora ama ni tembe anayekaribia kutaga, na bila kujua umri wa kuku mtu anaweza kusoma moja mahali pa nyingine.

Jinsia yenyewe huamuliwa mapema. Jogoo ana kromosomu (vibeba urithi) ZZ na mtetea ana ZW, kwa hiyo kwa kuku ni mama anayeamua, si baba. Ndani ya yai, katika zile siku 21 za kuatamiwa, kifaranga wa kike huanza kutengeneza estrojeni, homoni ya kike, na kwa kawaida ni ovari (kiungo cha kutengeneza mayai) ya kushoto tu inayokua, ile ya kulia ikidumaa. Ovari hiyo ya kushoto ikiharibiwa na ugonjwa baadaye, mtetea anaweza kuota upanga mkubwa na hata kuwika. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa mkosi, wakamchinja siku hiyo hiyo.

Kwa pora, kinachokuza upanga ni testosteroni, homoni ya kiume, itokayo katika korodani zilizofichika tumboni. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, mwanasayansi Arnold Adolph Berthold alihasi pora na kuona kwamba upanga wao haukui, hawawiki wala hawapigani. Lakini wale aliowapandikizia korodani tumboni, ingawa neva zake zilikuwa zimekatwa, walikua wakawa majogoo kamili, maana yake ujumbe ulipita katika damu. Manyoya ya jogoo, hata hivyo, hayatokani na testosteroni. Jogoo aliyehasiwa hubaki na mkia wake mrefu unaong'aa, na mtetea aliyeondolewa ovari huota manyoya ya kijogoo, kwani ni estrojeni inayompa yale manyoya yake ya kawaida. Jambo hili bado linanishangaza.

Tembe naye hufika wakati wake wa kuwa mwekundu, ila huchelewa. Kwa kuku wa mayai wa kisasa ni karibu na wiki ya 18. Wa kienyeji huchukua muda mrefu zaidi. Wakati huo ovari hutoa testosteroni kidogo, ambayo hukuza upanga, na estrojeni nyingi, ambayo huliamuru ini kutengeneza malighafi ya kiini, hukuza mrija wa mayai, hutanua mifupa ya nyonga na husaidia kuweka akiba ya kalisi ndani ya mifupa kwa ajili ya maganda. Ndiyo maana mimi siamini upanga peke yake: humshika kuku na kupima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya mifupa miwili ya nyonga, nayo ikipokea vidole viwili au vitatu, yai li karibu.

Kinachoiamsha ovari hiyo ni mwanga, ambao hupenya fuvu na kuufikia ubongo, ubongo ukaiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, kutoa LH na FSH, homoni zinazoiamsha ovari. Hapa Bukavu, karibu na ikweta, mchana ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo wafugaji huongeza taa hadi saa 14 au zaidi. Mimi, kwa pupa yangu, niliwasha taa matembe wakiwa na wiki 12. Walitaga mapema kweli, lakini mayai yalikuwa madogo mno, na mmoja alitokwa na mrija wa mayai akafa, kwa sababu homoni zilikuwa zimeutangulia mwili. Sasa nasubiri mwili ukomae kwanza, na umeme ukikatika jioni sihangaiki sana.

Wale wawili wa jirani walianza kuwika Jumanne, saa kumi na moja alfajiri.