Doobie Brothers na mkono wa kulia

Waliokulia kwenye magitaa ya bendi ya Tancut Almasi pale Iringa, ukiwaambia mwimbaji kahama bendi, watakuuliza kwanza: rizimu (gitaa la mdundo) anashika nani? Doobie Brothers, bendi ya roki ya Marekani, wanastahili kusikilizwa kwa swali hilohilo.

Bendi ilianzia San Jose, California, mwaka 1970. Tom Johnston aliimba na kupiga gitaa, Patrick Simmons naye gitaa, na baadaye wakawa na wapiga dramu wawili. Chukua "Long Train Runnin'" ya 1973. Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya Gm7 unaishika freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa, kwa kulaza kidole cha shahada, na Cm7 ipo freti hiyohiyo, kwa hiyo mkono wa kushoto hauhami kati ya kodi hizo mbili. Kazi iko kulia: mapigo 16 kwa kila baa (kipimo kimoja cha muziki), mkono unashuka na kupanda bila kukoma, na vidole vya kushoto vinalegea ili nyuzi zitoe "chaka" kavu. Wengi huharibu hapa. Wanasimamisha mkono pasipo na kodi, na mdundo unakatika.

Mwaka 1975 Johnston aliugua vidonda vya tumbo wakiwa ziarani. Jeff Baxter, aliyekuwa ametoka bendi ya Steely Dan, akamleta Michael McDonald, mpiga kinanda waliyejuana huko. Tangu hapo kinanda kikachukua kazi ya rizimu na magitaa yakarudi nyuma. "What a Fool Believes" ikafika namba moja Marekani mwaka 1979. Ukiipiga kwa magitaa matupu inakufa, maana wimbo wenyewe umo kwenye mkono wa mpiga kinanda.

Mimi napenda zaidi enzi ya Johnston, lakini aliyeibeba bendi ni Simmons. Yumo katika vipindi vyote, na "Black Water", namba moja ya 1975, ni yake. Waliagana 1982, wakarudi jukwaani 1987 pamoja na Johnston, na McDonald akaungana nao tena kwa ziara ya miaka 50.

Bendi ya Mbeya inayotaka kupiga enzi zote mbili usiku mmoja isianze bila mpiga kinanda. Na baridi ya Juni hukaza nyuzi, sauti ikapanda. Zikipata joto la ukumbi zinalegea. Gitaa likae kwanza jukwaani, ndipo nyuzi zirekebishwe sauti, kisha likaguliwe tena baada ya wimbo wa pili.