Hata leso

Nilidhani nimelisahau swali la shangazi. Leo ni siku ya tano na bado nalisikia, nikiosha vyombo, nikivuka feri, nikipanga viatu vya watoto mlangoni: "Kwa hiyo hata leso si yetu?"

Mliokuwepo kwenye kupamba mnajua. Kwa msiokuwepo: harusi imepita salama, mdogo wangu ameshafika Doha na mumewe, mama kafunguliwa bandeji ya jicho na anaona, alhamdulillahi. Mimi nimekwama kwenye leso.

Shangazi alikuwa ameketi na furushi lake la leso, kanga kwa wengine, anagawa doti kwa doti, kila mtu na jina alilomchagulia. Yangu niliiona kwa mbali, nyekundu na nyeusi, imeandikwa "Wema hauozi". Akaanza kuzisifu leso za zamani, zilivyokuwa nzito, zilivyokuwa hazichuji. Nami ulimi wangu wa kazi hauna likizo. Nikaingia na hotuba ya Ngomeni ninakotembeza watalii, ile ninayowapa wageni wa Kihispania tukifika kivulini: kwamba leso ni neno la Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi, kwamba yasimuliwa wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa wakaviunga sita sita, tatu juu, tatu chini, kwamba Wareno nao walilirithi neno kutoka Kilatini, linteum, nguo ya kitani. Wageni nikifika hapo hupiga picha. Shangazi alinitazama tu.

"Kwa hiyo hata leso si yetu?"

"Asili yake tu, shangazi."

"Aa."

Akaikunja ile nyekundu mara mbili, akairudisha chini kabisa ya furushi. Nilipewa nyingine, ya manjano. Jina lake hata sijalisoma.

"Asili yake tu." Lile "tu" lilikuwa la nini? Nimeshatunga majibu sita bora kuliko hilo, na yote yananijia furushi likiwa limeshafungwa. Na lile swali lake nimeligeuza kila upande. Mkazo ukiwa kwenye "leso", ni utani. Ukiwa kwenye "yetu", ni ugomvi. Mimi niliusikia kwenye "hata", na "hata" maana yake orodha ilianza kitambo. Habari ya nyumba ya babu ilivyotutoka mnaijua, nilishaiandika nikachoka. Shangazi ndiye aliyezaliwa mle, na yeye ndiye aliyekabidhi ufunguo.

Jumatano usingizi ulikataa, nikachukua kile kitabu alichoniachia yule mgeni wangu mzee wa Zaragoza, Hispania (aliyelia Ngomeni, mnamkumbuka). Ni kamusi fupi ya asili ya maneno ya Kihispania ya Joan Corominas, ya mwaka 1961, aliyoifupisha kutoka kazi yake ya juzuu nne za 1954 hadi 1957. Kila neno limewekewa mwaka au karne lilipoonekana kwanza kwenye maandishi, kama mtoto na cheti chake cha kuzaliwa.

Nampenda Corominas kwa sababu isiyo ya kisomi: aliandika akiwa si kwao. Mkatalani wa Barcelona, kazaliwa 1905. Jenerali Franco aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania mwaka 1939 akawa mkimbizi. Baba yake akafia Buenos Aires mwaka huohuo, yeye akaenda kufundisha Mendoza, chini ya milima ya Andes, na kuanzia 1946 akawa Chicago mpaka alipostaafu 1967. Huko ughaibuni ndiko alikotengenezea kamusi ile kubwa ya Kikastilia, ndicho Kihispania, lugha ambayo watawala wa kwao walikuwa wakikibania nayo Kikatalani chake. Mimi ningenuna tu. Hata jina lake lina tahajia mbili, Corominas kwa Kihispania, Coromines kwa lugha ya mama. Deni la nyumbani alilipa uzeeni: kamusi ya asili ya Kikatalani, kisha juzuu nane za majina ya mahali, kazi aliyoianza mwaka 1931 akizunguka vijijini na kuwauliza wenyeji, hapa mnapaitaje? Alifariki Januari 1997.

Hao wenyeji ndio walionishika roho. Kumbe naye alikaa mbele ya mashangazi za watu. Nadhani aliuliza, akaandika, akanyamaza. Angalia neno perro, mbwa. Kwa lile, yeye alikisia limetokana na mlio wa wachungaji wakimhimiza mbwa, prrr. Hakulipeleka Roma wala kwa mfalme yeyote. Aliwaachia wachungaji.

Nikaendelea kufunua ovyo, nikafika hasta, yaani mpaka. Limetoka Kiarabu, hattā.

Nikaketi kitandani. Hata! Neno lilelile. Moja lilipanda meli likaja kwetu, jingine likabaki Andalusia mpaka leo Wahispania wanaagana nalo, hasta mañana, na mimi nimelitamka mbele ya wageni mwaka wa tisa huu bila kumtambua ndugu yangu. Nilicheka mpaka mume wangu akageuka.

"Nani kakutumia ujumbe saa hizi?"

"Fulani," nikamjibu, nikacheka zaidi, maana na fulano yumo mlemle kitabuni, baba mmoja na fulani wetu. Yeye hakuona cha kuchekesha. Akavuta shuka lote.

Nilitaka kumpigia shangazi alfajiri ileile. Nilishaandika na ujumbe, mrefu, na mifano. Kisha nikamsikia kabisa anavyonijibu: "Kwa hiyo hata 'hata' si yetu?" Nikaufuta.

Kesho nitampelekea mahamri, nimejifunga ile ya manjano. Nimeshaisoma sasa, imeandikwa "Kimya kingi kina mshindo". Sijui kama aliichagua au ilikuwa juu tu.

Maji ya tangi yamerudi kuwa na chumvi. Kitinda mimba wangu ana vipele mikononi tangu Jumanne, na mwenye nyumba anasema ni sabuni.